Uzazi wa mpango: ramani iliyochorwa mwaka 1965

Mwaka 1967 Kenya ilizindua mpango wa taifa wa uzazi wa mpango, ikiwa ya kwanza kufanya hivyo kusini mwa Sahara. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta kwamba katika kaunti ya Embu, kati ya kila wanawake 100 walioolewa, 75 wanatumia njia za kisasa. Katika kaunti ya Mandera ni 2.

Ukiuliza sababu ya tofauti hiyo utajibiwa upesi: dini na mila. Jibu hilo lina ukweli wake. Familia nyingi za wafugaji zinataka watoto wengi, na ni haki yao. Lakini Uislamu haujawahi kukataa mama kupumzika kati ya mtoto na mtoto. Qurani yenyewe inataja kunyonyesha miaka miwili kamili. Kuna jambo jingine, nalo limeandikwa katika karatasi za serikali.

Huduma hizi zilianza miaka ya 1950 mjini Nairobi na Mombasa, mikononi mwa vyama vya kujitolea vilivyoungana baadaye. Ulikuwa wakati wa Hali ya Hatari iliyowekwa na wakoloni, na Waafrika wengi hawakumwamini mgeni aliyewashauri wapunguze kuzaa. Ndipo ikaja Waraka Namba 10 wa mwaka 1965, ule wa Ujamaa wa Kiafrika, uliotayarishwa wakati waziri Tom Mboya akishika mipango ya uchumi. Waraka huo ulitaka elimu ya uzazi wa mpango ianze mara moja. Ulisema pia kwamba fedha za maendeleo ziende kwanza penye ardhi nzuri, mvua, barabara na watu walio tayari kwa maendeleo. Sijui wangapi wamewahi kuzisoma kauli hizo mbili kwa pamoja. Ya kwanza ilileta dawa, ya pili ikaamua zitafika wapi.

Kaskazini, iliko Mandera, ilikuwa nje ya hesabu hiyo. Wakoloni walikuwa wameifunga kama wilaya ya mpakani. Baada ya uhuru vikafuata vita vya Shifta, vya waliotaka eneo hilo lijitenge, kisha sheria za hali ya hatari zilizodumu hadi 1991. Mwaka 1984 wanaume wa ukoo wa Kisomali wa Degodia walikusanywa na wanajeshi katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir, na wengi wakauawa. Serikali hiyohiyo ndiyo ingemtuma muuguzi na sindano. Nani angemfungulia mlango?

Miaka hiyohiyo, hospitali ya misheni ya Chogoria, chini ya Mlima Kenya katika eneo la Meru jirani na Embu, ilikuwa inaonyesha njia nyingine. Iliwafunza wanakijiji wenyewe kupeleka vidonge na kondomu nyumba kwa nyumba. Mama aliletewa na jirani anayemjua, mwenye lugha yake, na akipata madhara alijua pa kwenda. Matumizi yakapanda kuliko sehemu nyingi za nchi. Utafiti wa 1977-78 ulikuwa umeikuta Kenya nzima na wastani wa watoto 8 kwa kila mwanamke, na walioolewa wanaotumia njia yoyote wakiwa 7 tu katika 100. Kwa hiyo Waembu na Wameru hawakuzaliwa wakipenda uzazi wa mpango. Walifikiwa, wakasomesha mabinti, wakaona watoto wao wanapona.

Mandera mwaka 2022 wastani ulikuwa karibu watoto 8, palepale nchi ilipokuwa miaka ya sabini. Sindano ya Depo hurudiwa kila miezi mitatu. Kwa mama anayehama na ngamia, tarehe humkuta mbali na zahanati. Akifika, huenda dawa zimekwisha, au anayehudumu ni mwanamume, na mama hawezi kumweleza mambo yake. Kijiti kinachokaa miaka kadhaa kingemfaa zaidi, ila kinahitaji mhudumu aliyefunzwa kukiweka na, muhimu vilevile, kukitoa siku atakayotaka kuzaa tena.

Ugatuzi wa 2013 ulipeleka fedha na madaraka ya afya kwenye kaunti, na kaskazini ilikuwa na mengi ya kuanza upya. Mwaka uliofuata wanamgambo wa Al-Shabaab waliua abiria wa basi na wachimba mawe Mandera, kisha Aprili 2015 wakaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Wauguzi wengi waliotoka kaunti nyingine walifunga mizigo wakaondoka, na zahanati kadhaa zikabaki zimefungwa.