Vioo vya Mkunazini na Watumwa wa Mafia

Habari za kale za Mafia husomwa katika mawe, yaani katika magofu ya Kua na ya Kisimani. Lakini iko habari moja ambayo magofu hayo hayaisemi: ya watumwa waliopitishwa katika bahari iliyo kati ya Mafia na bara, majahazi yakitoka Kilwa kwenda Unguja. Atakaye kuiona habari hiyo na aende Unguja, katika Kanisa la Kristo, Mkunazini, akayatazame madirisha yake.

Kanisa hilo lilijengwa mahali pa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873 kwa mapatano ya Sultani Barghash na Waingereza. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi mwaka huohuo, na ujenzi ukasimamiwa na Askofu Edward Steere. Altare, kama ilivyopokewa, imesimama mahali pa mti ambapo watumwa walifungwa wakapigwa.

Katika vioo vya rangi anakumbukwa David Livingstone. Wanakumbukwa pia mabaharia Waingereza waliokufa wakiyazuia majahazi ya watumwa. Dirisha la nyuma ya altare lina watakatifu wa Afrika, wa Misri, Kartago na Uhabeshi. Nalo lamkumbusha atazamaye ya kuwa Injili ilikuwa Afrika kabla ya merikebu za Ulaya kufika pwani yetu.

Je, mtumwa mwenyewe yu wapi? Aliyemwokoa ametajwa, aliyeuzwa hana jina. Mwaka 1998 Clara Sörnäs, msanii wa Uswidi, aliweka uani sanamu za watu watano wakiwa shimoni na minyororo shingoni. Hao nao hawana majina.

Tena vioo vyaweza kutudanganya, tukadhani kwamba mambo yalikwisha soko lilipofungwa. Amri ya Unguja ya mwaka 1897 ya kuondoa utumwa haikuihusu Mafia, kwa kuwa tangu 1890 kisiwa kilikuwa mikononi mwa Wadachi. Katika Tanganyika, pamoja na Mafia, utumwa ulikomeshwa kwa sheria mwaka 1922. Miaka hiyo yote watumwa walilima mashamba ya minazi ya Mafia, na wajukuu wao wangaliko.

Basi, walimu wenzangu, kazi hii ni yetu. Tuwaulize wazee faraghani na kwa adabu, maana wako wanaoona haya kwa asili yao, na haifai mtoto aaibishwe mbele ya wenzake. Mzee akiridhia, tuandike jina la babu yake, nchi alikotoka, na shamba alilolilima.