Nguva Mwenye Miguu

Tatizo la Ariel ni miguu. Hana, na anaitaka. Waondoe mfalme wa bahari, mchawi, kaa anayeongoza muziki na mwana wa mfalme anayezama, hadithi yote inabaki hapo: msichana mwenye mkia anatamani kutembea. Hans Christian Andersen, aliyeitoa hadithi hii mwaka 1837, alimfanya nguva wake ailipie kila hatua. Anapopata miguu, kila anapokanyaga chini ni kama anakanyaga visu. Filamu ya katuni ya Disney ya mwaka 1989, The Little Mermaid, iliviondoa visu, lakini miguu ikaiacha pale pale katikati ya hadithi.

Sasa hebu mpandishe huyo nguva jukwaani. Mwigizaji anaingia. Ana miguu miwili, tena mizuri, na ukumbi mzima uliolipa tiketi unaiona tangu dakika ya kwanza. Saa moja baadaye mchawi anamfanyia uganga mkubwa, moshi unafuka, ngoma zinalia, na anachopewa ni... miguu. Hadhira ishangae nini?

Nalisema hili mapema kwa sababu watu wanapoikumbuka The Little Mermaid ya Broadway ya mwaka 2008, wengi hukimbilia kucheka viatu vya magurudumu. Mimi naona kwamba katika onyesho lile lote, viatu ndivyo vilivyofikiriwa vizuri kuliko kitu kingine. Lakini tuanze nyuma kidogo.

Inachekesha kwamba filamu hii ilihangaika sana kufika Broadway, maana kwa namna fulani ilitokea huko. Howard Ashman, mtunzi wa maneno ya nyimbo zake, na Alan Menken, mtunzi wa muziki, walikuwa watu wa jukwaa. Mwaka 1982 walikuwa wametoa Little Shop of Horrors, mchezo wa nyimbo kuhusu mmea unaokula watu, ulioanzia katika ukumbi mdogo New York. Disney ilipowaita, walikwenda na kanuni zao za jukwaani: shujaa aimbe mapema kile anachokitaka, mwovu naye apewe wimbo wake wa kujinadi, na wimbo usukume hadithi mbele badala ya kuisimamisha. Ndiyo maana ukiifumba macho filamu ile na kuisikiliza tu, unasikia mchezo wa Broadway. Ilipata tuzo mbili za Oscar, zote za muziki. Ashman alifariki Machi 1991 akiwa na miaka 40, miaka mitatu kabla Disney haijafungua onyesho lake la kwanza Broadway, Beauty and the Beast, ambalo nalo lilijengwa juu ya nyimbo zake.

Masikio yalishapata jukwaa, basi. Macho ndiyo yaliyobaki baharini. Kalamu ya mchora katuni haina uzito: inamgeuza msichana kichwa chini miguu juu (mkia juu, samahani), inaleta samaki mia kwa wimbo mmoja na kuwaondoa, inayafanya maji kuwa hewa. Fikiria nywele tu. Wachoraji walitazama hadi picha za Sally Ride, mwanaanga wa Marekani, ili waone nywele zinavyoelea pasipo uzito. Jukwaani nywele zinaanguka mabegani. Zimeshonwa kwenye wigi, na wigi imebanwa kwa pini.

Tatizo hili lakini halikuanza na Disney. Agosti 1876, mjini Bayreuth, Ujerumani, Richard Wagner alifungua ukumbi wake mpya kwa opera inayoanzia chini ya mto Rhine. Pazia linafunguka na wasichana watatu wa majini wanaogelea huku wakiimba, tena si kuimba kwa mzaha. Fundi wake wa mitambo, Carl Brandt, aliunda magari matatu yenye milingoti mirefu. Juu ya kila mlingoti palikuwa na kitanda kidogo cha chuma, mwimbaji akafungwa humo kwa mikanda. Chini, nyuma ya miamba ya kuchorwa, wanaume walilisukuma gari huku na huku na kumpandisha na kumshusha mwimbaji, wakifuata muziki ulioandikwa kwenye karatasi. Waimbaji walipoiona mashine ile mara ya kwanza waliogopa kuipanda. Mmoja wao alikuwa Lilli Lehmann, aliyekuja kuwa miongoni mwa sauti kubwa za zama zake. Hatimaye walipanda, wakaimba, na waliokuwa ukumbini wakaona wasichana wakielea.

Angalia Brandt alichofanya. Hakuleta maji. Alijiuliza kuogelea kunaonekanaje kwa mtu aliye mbali, akapata jibu: ni mwendo usiokuwa na hatua. Mtu wa nchi kavu anapanda na kushuka kidogo kila anapotembea, na mabega yake yanakuambia kwamba miguu ipo hata usipoiona. Kiumbe wa majini anateleza. Ukiweza kuondoa ule mtikisiko wa hatua, nusu ya bahari unayo.

Disney walipoamua kumleta Ariel Broadway, waliwachukua watu wawili waliokuwa wakiujua mto wa Wagner vizuri. Mwongozaji, Francesca Zambello, alikuwa mtu wa opera, na mwaka 2006 alikuwa ameanza kuiandaa Ring ya Wagner mjini Washington. Mbunifu wa mandhari, George Tsypin, alikuwa amebuni mandhari ya Ring ya Mariinsky ya St Petersburg, iliyoonyeshwa mwaka 2003. Wakakubaliana kutoleta maji jukwaani na kutowaning'iniza nguva kwenye waya ili waogelee. Wakachukua viatu ambavyo watoto wa Marekani walikuwa wakivitelezea kwenye maduka makubwa, vile vyenye gurudumu kisiginoni vinavyoitwa Heelys. Nguva na samaki wakavishwa hivyo, na mikia ikafungwa kiunoni, ikitokeza kwa nyuma.

Kusema kweli, ukiambiwa hivyo tu utacheka. Lakini irudie hesabu ya Brandt. Chini ya bahari, kila mtu anateleza. Juu ya nchi kavu, kila mtu anapiga hatua. Kwa hiyo Ariel anapopewa miguu, kinachobadilika si miguu kuwepo, kwa sababu ilikuwepo siku zote na kila mtu aliiona. Kinachobadilika ni mwendo. Msichana aliyekuwa akipita kama upepo sasa anajikwaa, anashika ukuta, anajifunza kuweka mguu mbele ya mguu. Hadhira haikuhitaji kudanganywa kwamba hana miguu. Ilihitaji tu kukumbuka jinsi alivyokuwa akienda jana. Sierra Boggess, Ariel wa kwanza wa Broadway, aliuvaa mwendo ule kana kwamba amezaliwa nao.

Bila shaka viatu vilikuwa na bei yake. Ili uteleze lazima uinue vidole na kuuweka mwili kisiginoni, mguu mmoja mbele. Kuimba kunataka kinyume chake: miguu iliyoshika sakafu, magoti laini, tumbo huru. Mwimbaji anayehofia kuanguka anabana tumbo, na sauti inabanwa pamoja nalo. Mcheza dansi naye hawezi kuruka vizuri kwa gurudumu, wala kusimama ghafla. Na sakafu yenyewe lazima iwe laini kama kioo, wakati sakafu ya mchezo mkubwa wa Broadway imejaa mifereji ya reli za mandhari na milango ya kushukia chini. Milango hiyo si ya mchezo. Mei 2008 mwigizaji mmoja wa onyesho hili alianguka ndani ya uwazi wa sakafuni akaumia vibaya.

Palipoharibika, kwa maoni yangu, ni kwenye plastiki. Viatu viliiambia hadhira: tusaidieni, fikirini maji. Mandhari ikasema: msifikirie, tumewaletea. Nguzo kubwa za vitu vinavyopenya mwanga, maumbo yanayozunguka na kushuka, rangi juu ya rangi. Tsypin alisomea usanifu wa majengo, na katika opera maumbo yake makubwa hupata nafasi ya kupumua. Ukumbi wa Lunt-Fontanne si jumba la opera. Ukizitazama picha za onyesho lile, binadamu wanaonekana wadogo mbele ya vitu ambavyo si bahari wala si kitu kingine. Ni kama rafiki anayekusimulia hadithi nzuri halafu kila sentensi anakuonyesha picha kwenye simu. Zilipotoka orodha za tuzo za Tony mwaka huo, onyesho lilitajwa mara mbili tu: kwa muziki, na kwa taa za Natasha Katz. Mandhari haikutajwa. Mimi sishangai. Mwanga hauna umbo. Unamwagika juu ya uso wa mtu, na ubongo unamalizia wenyewe.

Bahati nayo haikuwa yao. Katikati ya mwaka 2007 majaribio yalifanyika mjini Denver, na Beauty and the Beast iliondolewa Lunt-Fontanne ili kumpisha nguva. Maonyesho ya awali yakaanza Novemba 3, na wiki moja baadaye mafundi wa jukwaani wa Broadway wakagoma kwa siku 19. Ufunguzi uliokuwa umepangwa Desemba ukasogezwa hadi Januari 10, 2008. Wahakiki wengi walikuwa wakali, wa New York Times akiwa miongoni mwao. Familia ziliendelea kuja kwa muda, lakini Agosti 30, 2009 pazia lilishushwa baada ya maonyesho 685. Kwa watu wa kawaida hiyo ni idadi kubwa. Kwa Disney, ambao Lion King yao ilikuwa imeanza mwaka 1997 na bado inaendelea, ni kama mvua iliyopita.

Lipo tatizo jingine ambalo halikupewa nafasi kubwa kwenye mazungumzo, nalo ni sauti. Ariel anailipia miguu kwa sauti yake. Kwenye katuni hilo halina shida. Filamu yote ni dakika 83, uso wake umechorwa kwa macho makubwa yanayosema kila kitu, na kamera inaweza kumsogelea. Jukwaani mhusika mkuu bubu katika nusu ya pili ya mchezo wa nyimbo ni balaa, maana watu wamekuja kumsikia. Mwandishi wa mchezo, Doug Wright, na mtunzi wa maneno mapya, Glenn Slater, pamoja na Menken, wakampa Ariel nyimbo za moyoni: hadhira inamsikia, mwana wa mfalme hamsikii. Ni dawa ya kawaida ya jukwaani na inafanya kazi, ila inaidhoofisha bei aliyolipa. Tukiendelea kumsikia akiimba vizuri kama zamani, amepoteza nini hasa? Hapa sina jibu bora kuliko lao. Naona tu kwamba hadithi hii ina vitu viwili, mkia na ububu, ambavyo jukwaa la nyimbo linashindwa kuvionyesha, na vyote viwili ndivyo hadithi yenyewe.

Mwisho wa filamu nao ulibidi ubadilishwe. Katika katuni mchawi Ursula anakuwa mkubwa kama mlima, na meli inamchoma tumboni. Broadway waliliacha hilo. Ariel anaishika kombe iliyofungia sauti yake na kuiharibu, na nguvu za mchawi zinakwisha. Kuna watoto waliosikitika, lakini mimi naupendelea mwisho huu kuliko ule wa filamu. Angalau msichana anajiokoa mwenyewe.

Miaka minne baada ya Broadway, onyesho lilifumuliwa na kushonwa upya Uholanzi chini ya Glenn Casale. Mwaka huo wa 2012 magurudumu yaliachwa na waya ukaja: nguva sasa wananing'inia na kuogelea hewani. Toleo hilo ndilo lililorudi Marekani na kuenea. Linapendeza, sikatai. Mwili ulio hewani unaleta jambo ambalo gurudumu haliwezi, yaani juu na chini. Lakini waya nao una sheria zake. Huwezi kuning'iniza kwaya nzima, kwa hiyo wachache wanaelea na wengine wanatembea chini ya bahari hiyo hiyo wakitikisa mikono, na hesabu ya mwendo inavurugika.

Jibu lililonifurahisha zaidi lilitoka kwa kiumbe mwingine kabisa wa baharini. SpongeBob SquarePants ilianza Chicago mwaka 2016 na kufika Broadway Desemba 2017, ikiongozwa na Tina Landau. SpongeBob wake hakuvaa boksi la sponji. Alivaa shati la njano, tai na suruali ya mirabamiraba, na mengine ukayajaza wewe. David Zinn alijenga bahari kwa vitu vya kawaida kama yale maboya marefu ya sponji ya kuogelea, na tuzo ya Tony ya mandhari ikaenda kwake. Pweza Squidward, aliyechezwa na Gavin Lee, alivaa suruali yenye miguu minne, miwili yake na miwili ya kuburutwa, akacheza dansi ya kugonga viatu kwa yote minne. Hakuna aliyejiuliza kama ni pweza. Onyesho lile nalo halikudumu: maonyesho 327 tu, chini ya nusu ya yale ya Ariel.

Siku hizi The Little Mermaid inakodishwa kwa shule na vikundi vya mitaani, likiwemo toleo fupi la watoto. Hawana Tsypin, na wengi hawana fedha ya waya wala ya mtu wa kuufunga salama. Wana kitambaa cha bluu, taa mbili tatu, na binti wa miaka 12 aliyesimama katikati ya sakafu na miguu yake miwili, akimsubiri mwalimu aamue itakuwaje.