Honda CB750: Jinsi ya kuirembesha pikipiki kongwe bila kuipokonya asili yake

Dakika chache za grainda zinatosha kuipokonya pikipiki kongwe kitu ambacho ni vigumu kukirudisha, hata kwa fedha nyingi. Mwenyewe huitazama fremu na kuona kwamba chuma kinachochomoza nyuma ya kiti kinaharibu umbo. Hukikata, akachomelea bomba lililopindwa mfano wa kwato ya farasi, kisha akakalisha kiti kifupi chenye nundu. Kwa jicho la siku hiyo kazi imependeza. Hata hivyo, tangu saa hiyo fremu hiyo si ile iliyotoka kiwandani, na hakuna rangi iwezayo kulificha jambo hilo mbele ya mnunuzi anayejua pa kutazama.

Miongoni mwa pikipiki zilizopatwa na mkasa huu mara nyingi ni Honda CB750 ya silinda nne. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya magari ya Tokyo, Japani, mnamo Oktoba 1968, na ikaanza kuuzwa mwaka wa 1969. Injini yake ya sentimita za ujazo 736 ilitoa nguvu za farasi 67 katika mizunguko 8,000 kwa dakika, na mwendo wake ulikaribia kilomita 200 kwa saa. Ilikuwa na breki ya diski mbele na ilitiwa moto kwa kubonyeza kitufe, wakati ambapo wapinzani wake wa Uingereza walikuwa bado wanapigwa teke kila asubuhi. Nchini Marekani bei yake ilikuwa dola 1,495.

Sifa yake katika michezo haikuwa ya maneno matupu. Mwaka huo huo wa 1969, Wafaransa Michel Rougerie na Daniel Urdich walishinda nayo mashindano ya saa 24 ya Bol d'Or, na mnamo Machi 1970 Mmarekani Dick Mann akaibuka mshindi wa Daytona 200 akiendesha Honda iliyotengenezwa kwa msingi wa mtindo huo. Injini ya aina hiyo, yenye kemshafti moja, iliendelea kuundwa hadi mwaka wa 1978, na pikipiki zaidi ya 400,000 ziliuzwa.

Wingi huo ndio uliozidhuru. Kitu kinachopatikana kila mahali hakimtii mtu uchungu anapokikata. Katika miaka ya 1970, vijana wengi wa Marekani walirefusha fomu za mbele na kukata shingo za fremu ili wapate chopa za mtindo uliovuma baada ya filamu ya Easy Rider ya mwaka wa 1969. Uingereza nako tayari kulikuwa na desturi tofauti, ile ya kafe resa: pikipiki zilizopunguzwa uzito na kushushwa usukani, ambazo vijana walikimbizana nazo kutoka mkahawa mmoja hadi mwingine. Ace Cafe ya London, iliyofunguliwa mwaka wa 1938 na kufungwa 1969 kabla ya kurejea mwaka wa 2001, ndiyo iliyopata jina kubwa zaidi.

Yafaa kukumbuka kwamba kafe resa mashuhuri kuliko zote, Triton, ilizaliwa kutokana na mabaki. Waundaji wa magari madogo ya mashindano ya Formula 3 walizihitaji injini za Norton Manx, na kwa kuwa haikuwa rahisi kuuziwa injini peke yake, walinunua pikipiki nzima, wakang'oa injini na kuacha fremu. Mafundi waliziokota fremu hizo, ambazo zilikuwa bora kuliko nyingine za wakati huo, na kuzitia injini za Triumph. Kwa hiyo hakuna anayeweza kudai kwamba kubadilisha pikipiki ni dhambi. Triton halisi ya miaka ya 1960 leo ni kumbukumbu yenye thamani yake. Hoja ni tofauti: mafundi wale walitumia vilivyokwisha kutenganishwa, ilhali anayekata CB750 nzima leo huiondoa moja katika idadi isiyoweza kuongezeka.

Kanuni inayofuatwa na mafundi waangalifu ni rahisi kuitamka: kila badiliko liweze kutenguliwa kwa spana. Kinachofungwa kwa bolti kinaruhusiwa. Kinachohitaji grainda, keekee au moto wa kuchomelea kifikiriwe mara tatu, kisha kiachwe. Kanuni hiyo haikuanzia vijiweni pekee. Shirikisho la kimataifa la vyombo vya zamani, FIVA, lililoasisiwa mwaka wa 1966, lina hati yake iitwayo Hati ya Turin, inayoelekeza kwamba mabadiliko yafanywe kwa namna inayoweza kugeuzwa na kwamba vipuri muhimu vinavyoondolewa vitunzwe pamoja na chombo.

Tuanze na usukani, kwa kuwa ndio unaobadili mkao wa dereva na sura ya pikipiki kwa haraka zaidi. CB750 nyingi zilizopelekwa Marekani zilikuwa na usukani mrefu uliopanda juu, uliofaa kwa mwendo wa taratibu. Kwa masoko ya Ulaya, Honda yenyewe ilitoa usukani mfupi zaidi. Kwa hiyo mtu anaweza kupata mkao wa kimichezo kwa kutumia kipuri halisi cha kiwanda. Anayetaka kuinama zaidi anaweza kutumia usukani wa kipande kimoja uliopinda kwenda chini, unaokaa katika vishikio vilevile vya asili. Vile vipande viwili vinavyobana miguu ya fomu huhitaji masikio ya kushikilia taa ya mbele yaondolewe, nayo ndiyo huishia kupotea. Jambo la kuangalia ni nyaya: katika CB750 za mwanzo nyaya za swichi hupitia ndani ya usukani, na anayezikata ili kuharakisha kazi atazilaani baadaye.

Sehemu inayowasumbua wengi zaidi ni ile nafasi ya pembetatu chini ya kiti. Mtindo wa siku hizi hupenda iwe tupu, mtu aone upande wa pili. Katika pikipiki hii hilo ni jambo gumu, kwa sababu injini yake haihifadhi oili chini ya tumbo lake. Oili hukaa katika tangi la pekee upande wa kulia, betri iko katikati, na mbele yake lipo sanduku la kichujio cha hewa. Kuiacha nafasi hiyo wazi ni sawa na kung'oa figo ili kiuno kionekane chembamba.

Sanduku hilo la hewa lastahili maelezo marefu kidogo, kwani watu wengi hulitupa wakidhani ni plastiki tu. Kabureta nne za Keihin huvuta hewa iliyotulia kutoka humo, na vitundu vya kupitishia mafuta vilipimwa kiwandani kulingana na hewa hiyo. Sanduku likiondolewa na mahali pake pakawekwa vichujio vinne vidogo vya kuvalisha kwenye midomo ya kabureta, hewa huingia nyingi na kwa vurugu. Mchanganyiko hupungukiwa na mafuta. Injini hupata joto, na ikiwa katikati ya mwendo husitasita kama inayokohoa. Fundi huongeza ukubwa wa vitundu, tatizo likatoweka pikipiki ikienda kasi lakini likabaki katika mwendo wa kati. Huhamisha sindano, hujaribu tena, na wiki zinakwisha. Wapo waliofaulu, lakini wengi wao huishia kutafuta sanduku la asili kwa bei ambayo wasingeamini siku walipolitupa. Afadhali libaki mahali pake. Kwa vyovyote vile halionekani sana, na pikipiki huenda vizuri.

Mabomba ya moshi yana kisa chake. CB750 ya kwanza ilikuwa na manne, mawili kila upande, nayo ndiyo yaliyowafanya watu wasimame barabarani kuitazama. Yalikuwa mazito na yalikuwa na adui wa ndani: maji yanayotokana na moshi yalibaki ndani yake baada ya safari fupi na kuyala polepole. Yalipotoboka, wenyewe waliyaondoa na kununua mfumo wa bomba moja lililounganisha manne, uliokuwa mwepesi, wa bei nafuu na wenye mlio wa mashindano. Honda ilisoma alama za nyakati, na mwaka wa 1975 ikatoa CB750F yenye usukani wa chini na bomba moja. Basi mwenye kupenda mfumo wa bomba moja hafanyi kitu kigeni kwa historia ya pikipiki hii, na kuubadilisha ni kazi ya bolti tu. Kosa ni kuyapeleka yale manne kwa wauza vyuma vikuukuu. Mengi kati yake yana chapa ya HM300 au HM341 kutegemea mwaka, na wanunuzi huinama na tochi kuitafuta chapa hiyo kabla hata ya kuuliza kuhusu injini.

Hata hivyo, asili isiwe kisingizio cha kuhatarisha maisha. Baadhi ya vipuri vya kiwandani havikuwa vizuri hata vilipokuwa vipya. Minyororo ya mwanzo ilikatika kwa kushindwa kuhimili nguvu ya injini, na ilipokatika ilivunja kasha la injini nyuma ya gia ndogo. Mnunuzi wa CB750 ya miaka ya kwanza na aanze kuchunguza hapo, aone kama pana alama za kuchomelewa. Mnyororo wa kisasa ni bora mara nyingi na hauharibu chochote. Bushi za mkono wa nyuma zilikuwa za plastiki ngumu na zilichakaa upesi. Za shaba nyeusi huingia palepale. Mpira wa breki ya mbele ukiwa na miaka hamsini haufai kutegemewa na mtu yeyote, na wa kisasa uliosukwa kwa nyuzi za chuma hufungwa kwa dakika chache. Springi za ndani ya fomu, bearingi za shingo na tairi ni vitu ambavyo mpita njia havioni, lakini dereva atavihisi kwenye kona ya kwanza.

Umeme nao una njia ya kati. Pikipiki hii hutumia pointi jozi mbili, moja kwa silinda ya kwanza na ya nne, nyingine kwa ya pili na ya tatu. Kuna vifaa vya kielektroniki vinavyokaa chini ya kifuniko kilekile cha mviringo, bila kutoboa tundu jipya. Bamba la pointi huondolewa zima, likafungwa katika karatasi yenye mafuta. Diski ya mbele ni suala jingine. Wengi waliitoboa matundu ili breki ishike vizuri wakati wa mvua, na kwa kweli breki hiyo ililalamikiwa sana ikilowa. Atakaye matundu na atafute diski ya pili aitoboe hiyo.

Kuhusu rangi, hapa fikra za mafundi hugawanyika. Rangi za mwanzo, ile ya buluu inayoelekea kijani, nyekundu ya yakuti na ya dhahabu, zilipakwa tabaka juu ya tabaka: chini rangi yenye chembe za kumetameta, juu yake rangi angavu kama kioo cha peremende. Jua huzififisha kwa namna isiyoweza kuigwa kwa urahisi. Tangi lililochakaa kwa heshima, lenye mikwaruzo ya magoti ya mwenyewe, lina ushahidi ambao tangi jipya halina. Atakaye rangi yake mwenyewe hupata faraja moja: matangi ya kuigiza yapo sokoni, na tangi la asili laweza kusubiri ndani ya blanketi.

Nchini Ujerumani mambo haya yana uzito wa kisheria. Tangu mwaka wa 1997, chombo kilichotimiza miaka 30 na kilicho katika hali nzuri inayokaribia ya asili kinaweza kupewa nambari ya usajili yenye herufi H. Wakaguzi huweza kuyakubali mabadiliko ya zama zake, yaani yale ambayo mtu angeyafanya chombo kikiwa bado kipya au katika miaka yake kumi ya mwanzo. Bomba moja la mtindo wa 1974 laweza kupita. Fremu iliyokatwa mwaka jana haina nafasi kubwa.

Thamani nayo imepanda kwa zile zilizosalimika. Mnamo 2018, mojawapo ya CB750 chache zilizoundwa kwa mikono kabla ya uzalishaji kuanza iliuzwa katika mnada wa Uingereza kwa pauni 161,000. Hiyo ni ya pekee. Zinazofuata kwa kutafutwa ni zile 7,414 za mwanzo, ambazo makasha ya injini zake yana ngozi ya kukwaruza kwa sababu ya namna yalivyosubiwa. Nambari ya fremu na ya injini katika CB750 hazilingani tangu kiwandani, bali hukaribiana. Muuzaji anayeapa kwamba zake zinafanana kabisa anapaswa kuulizwa nani alizigonga.

Vipuri vilivyoondolewa vitiwe katika sanduku moja, kila kimoja na kitambulisho chake cha karatasi: kilitolewa lini na mahali gani. Bolti zibaki na kipuri chake. Mabomba manne yamiminiwe oili ndani, yageuzwe ili ienee, kisha yazibwe midomo yote miwili kwa matambara. Yasiwekwe kwenye sakafu ya saruji yenye unyevu. Siku pikipiki itakapouzwa, sanduku liende nayo.