Mipaka ya Kisangani: kutoka kituo cha kisiwani hadi komini sita

Mji wa Kisangani, makao makuu ya jimbo la Tshopo katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, una eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,910. Kwa kipimo hicho unaupita mkoa mzima wa Dar es Salaam, ingawa watu wake ni wachache zaidi kwa mbali. Sehemu kubwa ya eneo hilo ni msitu, mashamba ya mihogo na mpunga, na vijiji. Mji unaotambuliwa na sheria ni mpana kuliko mji wa nyumba na barabara, na chanzo cha hali hiyo kinapatikana katika historia yake.

Desemba 1883, Henry Morton Stanley alianzisha kituo katika kisiwa cha Wana Rusari, karibu na maporomoko ambako Waenya, wanaojulikana zaidi kama Wagenia, hutega samaki kwa madema makubwa yanayofungwa kwenye magogo yaliyosimikwa kati ya miamba. Mpaka wa kituo ulikuwa maji yenyewe. Nje ya hapo, nguvu ilikuwa ya wafanyabiashara waliotoka Zanzibar na Maniema. Mwaka 1886 Wazungu walikimbia kituo hicho, na mwaka uliofuata Mfalme Leopold II wa Ubelgiji akamteua mmoja wa wafanyabiashara hao, Tippu Tip, kuwa wali, yaani gavana, wa eneo hilo. Utawala wa wali haukupimwa kwa mstari wa ardhini. Ulipimwa kwa watu waliomtii na njia za biashara alizozilinda. Vita vya 1892 hadi 1894 viliuondoa utawala huo, lakini Waungwana, yaani wafuasi wa wafanyabiashara hao, walibaki na makazi yao, na Kiswahili kikabaki nao.

Mji, uliokuja kuitwa Stanleyville, ulikua kwenye ukingo wa kulia wa mto Kongo. Mwaka 1906 reli ya kilomita 125 kwenda Ponthierville, yaani Ubundu ya leo, ilikamilika. Kwa kuwa ilianzia ukingo wa kushoto, makazi yalizuka huko pia, na mji ukawa na pande mbili. Hadi sasa hakuna daraja linaloziunganisha: mkazi wa Lubunga, upande wa kushoto, anayekwenda sokoni katikati ya mji huvuka kwa kivuko au mtumbwi.

Wabelgiji waliongeza mipaka ya ndani. Dekreti ya 23 Novemba 1931 iliruhusu kuundwa kwa maeneo ya Waafrika waliotoka chini ya machifu wa mila. Maeneo hayo yalikuwa na mkuu wake na mahakama yake, mbali na mji wa Wazungu. Mtu wa kijijini alihitaji kibali ili kuhamia huko. Hivyo watu watatu walioishi mwendo mfupi wa miguu kutoka mmoja hadi mwingine waliweza kuwa chini ya tawala tatu tofauti: Mzungu chini ya utawala wa mji, mfanyakazi Mwafrika chini ya mkuu wa eneo lake, na Mwenya wa kijijini chini ya chifu wake.

Dekreti ya 26 Machi 1957 ilileta mfumo wa komini, yaani manispaa ndani ya mji, na mwaka 1958 Stanleyville ikafanya uchaguzi wake wa kwanza wa halmashauri. Mwaka 1966 jina la Kisangani likawa rasmi. Leo mji una komini sita: Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo, Kisangani na Lubunga. Lubunga peke yake iko ukingo wa kushoto. Mbali na hizo kuna sekta ya Lubuya-Bera, eneo la vijiji lililo chini ya serikali ya mji ingawa lina muundo wa kijijini.

Nje ya katikati ya mji, mkazi wa kawaida hutambua mahali kwa PK, yaani kilomita ngapi kutoka mjini kwenye barabara ya Buta au ya Ituri. Nyumba za matofali huandama barabara. Ukiingia ndani kidogo unakuta shamba na msitu.

Mkanganyiko mkubwa uko kwenye ardhi. Sheria ya 20 Julai 1973 ilitangaza ardhi yote kuwa mali ya serikali, na hati hutolewa na ofisi zake. Hata hivyo, katika vijiji vilivyomo ndani ya mji, familia na machifu bado hugawa na kuuza viwanja kwa mila. Mnunuzi anaweza kumlipa chifu leo, na kesho akadaiwa tena na ofisi ya ardhi, au akamkuta mwenzake mwenye hati ya kiwanja hichohicho.

Hatari ya hali hiyo ilionekana Lubunga. Februari 2023, mzozo wa ardhi iliyotolewa kwa kampuni ya kilimo uligeuka kuwa mapigano kati ya jamii za Wambole na Walengola. Watu waliuawa, vijiji vikachomwa, na maelfu wakavuka mto kutafuta hifadhi mjini. Wengi wa waliokimbia walikuwa tayari, kwa mujibu wa sheria, wakazi wa mji wa Kisangani.

Kuchora mpaka mpana kuliipa Kisangani nafasi ya kukua kwa miaka mingi. Hakukuamua nani ana haki ya kugawa ardhi iliyomo, na mpaka usiojibu swali hilo huwaachia wananchi walijibu wenyewe, wakati mwingine kwa silaha.