Pumzi za Askari wa 1918

Mwezi Septemba mwaka 1918, Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia vilipokuwa ukingoni, homa ya mafua iliyokuwa ikiitikisa dunia iliingia Mombasa kwa njia ya bahari. Kutoka bandarini ilisafiri kwa gari moshi hadi Nairobi na Uganda, ikayaandama majeshi na wapagazi wao, wale ambao makambi yao yaliacha jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam na Kariokor mjini Nairobi.

Upande wa kusini, kikosi cha Wajerumani cha von Lettow-Vorbeck, kilichokuwa kimevuka Mto Ruvuma na kupitia Songea, nacho kilikumbwa na nimonia. Tarehe 25 Novemba 1918 kikosi hicho kiliweka silaha chini huko Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, nchini Zambia. Askari wake Waafrika walipelekwa Tabora, na huko wengi walionusurika risasi waliuawa na homa.

Historia iliwahesabu waliokufa. Haikuuliza waliopona walirejea makwao na mapafu ya namna gani.

Ndugu wasikilizaji, elimu ya leo inalo jibu. Nimonia kali ya virusi hujeruhi kuta nyembamba za vijifuko vya hewa ndani ya mapafu. Mwili unapoyaziba majeraha hayo, mahali pengine huacha makovu. Na kovu halitanuki vema, wala halipitishi hewa kuingia katika damu kama ipasavyo. Hayo yalionekana kwa baadhi ya wagonjwa wa SARS mwaka 2003, na yakaonekana tena kwa wagonjwa wa UVIKO-19 tangu mwaka 2020. Wengi hupata nafuu kadiri miezi inavyopita. Wachache hubaki na upungufu wa pumzi kwa miaka.

Askari wa namna hiyo, akiwa ameketi, haonekani mgonjwa. Apandapo kilima na mzigo mgongoni, ndipo hubaki nyuma akihema. Kumwita mtegaji ni dhuluma. Na kumdhania ana kifua kikuu pasipo kupima makohozi ni kosa. Anachohitaji ni picha ya eksirei, kipimo cha pumzi, na mazoezi yanayoongezwa kidogo kidogo kwa ushauri wa daktari.

Wapagazi na askari wa 1918 hawakuipata fursa hiyo. Kamanda wa leo, awe wa jeshi au wa polisi, hana udhuru. Askari aliyetoka hospitali kwa nimonia kali asihesabiwe mzima mpaka pumzi yake ipimwe akiwa anatembea, si akiwa kitandani.