Kidonge cha Chini ya Ulimi: Dawa za Moyo baina ya Matabibu na Mafakihi

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Maswahaba zake.

Ama baada ya hayo, kila Ramadhani inapokaribia, maimamu wa Buswelu, kama wenzao wa Mwanza nzima, hukabiliwa na swali hili: mwenye maradhi ya moyo au presha afanye nini na dawa zake? Wapo wanaoziacha kimya kimya mwezi mzima, wakidhani kuwa huko ndiko kuzidi katika ucha Mungu. Presha haina sauti. Hupanda bila mwenyewe kuhisi, na huenda akapelekwa Bugando amebebwa, kiharusi kimeshampata. Kwa hiyo tumeona tutazame namna waliotutangulia walivyolikabili jambo hili.

Elimu ya dawa za moyo si ngeni kwa Waislamu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 428 Hijria (1037), mbali na kitabu chake mashuhuri cha Al-Qanun, aliandika risala maalumu juu ya dawa za moyo. Baada yake akaja Ibn al-Nafis, aliyefariki Cairo mwaka 687 Hijria (1288). Kabla yake matabibu walimfuata Galen, wakisema kuwa damu hupenya kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda wa kushoto kupitia vitundu visivyoonekana. Ibn al-Nafis alikataa. Alisema ukuta ule ni mzito na hauna vitundu. Damu huenda kwanza kwenye mapafu, ikachanganyika na hewa, kisha ndipo ikarudi upande wa kushoto. Mwingereza William Harvey aliandika juu ya mzunguko wa damu mwaka 1628, zaidi ya miaka 300 baadaye.

Jambo ambalo wengi wetu hatulijui ni kwamba Ibn al-Nafis alikuwa pia fakihi wa madhehebu ya Imam Shafi, madhehebu yanayofuatwa na wengi katika Afrika Mashariki. Alisomesha fiqhi katika madrasa ya Masruriyya, na Imam Subki amemtaja miongoni mwa wanazuoni wa Kishafi. Inasimuliwa kuwa katika maradhi yaliyomuua matabibu wenzake walimshauri anywe mvinyo kama dawa, naye akakataa kukutana na Mola wake hali ya kuwa na kitu hicho tumboni. Tabibu na fakihi walikuwa mtu mmoja, na wala hawakugombana.

Katika zama zetu elimu hizi mbili zimegawanyika. Tuchukue mfano wa naitrogliserini. Ilitengenezwa kwa mara ya kwanza na Mtaliano Ascanio Sobrero mwaka 1847, nayo ndiyo iliyotiwa katika baruti za kupasulia miamba. Mwaka 1879 daktari William Murrell wa London alieleza kuwa kwa kiasi kidogo sana humtuliza anayebanwa na kifua kwa sababu ya moyo. Dawa hii hulegeza mishipa na kuupunguzia moyo mzigo. Kidonge chake huwekwa chini ya ulimi, na dawa huingia katika damu kupitia ngozi laini ya hapo, bila kupita tumboni. Je, kinafunguza?

Fakihi hawezi kulijibu swali hili bila kwanza kujua dawa inapita wapi. Na hivyo ndivyo ilivyofanyika. Mwezi Juni 1997 matabibu na wanazuoni walikutana Casablanca, Morocco, wakajadili mambo yanayofunguza. Baada yake Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ikakaa Jeddah katika kikao chake cha 10, ikapitisha kuwa kidonge cha chini ya ulimi hakifunguzi, maadamu mtu hamezi kinachofika kooni. Vilevile mpira mwembamba unaopitishwa katika mishipa ili kuupiga picha au kuutibu moyo haufunguzi. Baadhi ya masuala, kama dawa ya pumu ya kupuliza, waliyaahirisha mpaka yachunguzwe zaidi. Huo ndio uchaji wa mwanachuoni.

Ama vidonge vya presha vinavyomezwa, hivyo vinafunguza. Lakini vingi hunywewa mara moja kwa siku, na daktari anaweza kuvihamishia wakati wa futari au daku. Asiyeweza, Suratul Baqara aya ya 184 na 185 zimempa ruhusa: alipe siku nyingine, na asiyetarajiwa kupona atoe fidia, kibaba cha chakula kwa kila siku.

Ndugu maimamu, tukumbuke kisa alichokipokea Abu Daud, cha mtu aliyejeruhiwa kichwani kisha akapatwa na janaba. Aliwauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hana. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipopata habari aliwalaumu vikali, akasema kuwa wao ndio waliomuua, na kwamba dawa ya ujinga ni kuuliza.

Basi anapotujia mzee na mfuko wake wa dawa, tusiharakie kumjibu. Tumuulize daktari wake amesemaje. Na kama hajaenda, tumpeleke kabla mwezi haujaandama.

Wallahu a'lam.