Boti ya faiba imepasuka: uchanganye epoksi kiasi gani?

Wavuvi wengi wa pwani yetu sasa wana boti za faiba, na boti ikigonga mwamba, mara nyingi fundi ni mwenye boti mwenyewe. Epoksi ni ghali. Ukichanganya kidogo, kazi inakatika katikati. Ukizidisha, inaganda koponi na pesa yako imekwenda.

Usikadirie kwa macho. Kata kwanza vipande vyote vya kitambaa cha faiba utakavyobandika, kisha vipime pamoja kwenye mizani ndogo ya jikoni. Kitambaa kilichofumwa kinahitaji epoksi yenye uzito karibu sawa na wake. Ongeza robo, maana nyingine itabaki kwenye brashi na kopo.

Tuchukue kiraka cha sentimita 40 kwa 50. Kwa kitambaa cha gramu 300 kwa mita ya mraba, kipande kimoja kina gramu 60, na tabaka nne ni gramu 240. Ongeza robo, unapata 300. Kama kopo limeandikwa 2 kwa 1 kwa uzito, hiyo ni resini gramu 200 na hadina gramu 100. Soma vizuri maandishi hayo: kipimo cha uzito na cha ujazo si kitu kimoja.

Lakini usichanganye gramu zote 300 kwa mpigo. Epoksi hutoa joto inapoganda, na ikirundikana koponi huweza kuchemka hadi ikatoa moshi. Changanya 150 kwa tabaka mbili, halafu 150 nyingine. Imimine kwenye chombo kipana, fanya kazi kivulini, na uvae glovu.

Wako wanaoongeza hadina ili ikauke upesi. Hayo ni mazoea ya resini ya poliesta, ambayo huwekewa asilimia 1 hadi 2 tu, kidogo zaidi kukiwa na baridi. Kwenye epoksi, hadina ni nusu ya ndoa. Ikizidi inakosa cha kuungana nacho, na kiraka kinabaki laini ukiwa umeshaingia baharini.

Na ile mati ya nyuzi zilizokatwakatwa? Hunywa resini mara mbili ya uzito wake au zaidi, na gundi inayoshika nyuzi zake kwa kawaida huyeyushwa na poliesta, si epoksi. Dukani, omba kitambaa kilichofumwa.